Hukumu ya Mafunzo ya Bastola Saa ya Ijumaa

SWALI: Mimi ni Mpemba, nina duka Temeke na naomba leseni ya bastola. Darasa limepangwa Ijumaa saa saba mchana. Naambiwa cheti kinapatikana hata bila ya kuhudhuria. Nifanyeje?

JIBU: Alhamdulillah. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka muombaji awe na miaka isiyopungua 25, na athibitike kuwa anaweza kuitumia silaha kwa usalama.

Ama saa ya darasa, Sura ya 62, aya ya 9, inaamrisha kuacha biashara inapoadhiniwa Ijumaa. Wanavyuoni wameingiza humo kila lenye kumshughulisha mtu na Sala. Aya ya 10 inaruhusu kutawanyika baada yake. Basi muombe mwalimu asogeze hadi saa tisa, au ngoja darasa jengine.

Cheti bila ya mafunzo hatukihalalishi: ni ushahidi wa uongo. Mtume (s.a.w.) alimuamrisha mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Bastola dukani, penye wateja na watoto, ina khatari zaidi.

Saa hubadilishwa, mafunzo hayarukwi. Wallahu aalam.