Chuma Kilichofichwa Shingoni mwa Gitaa

Wako wengi walioliacha gitaa kwa sababu ya milimita mbili. Walinunua gitaa kavu, wakabonyeza nyuzi hadi ncha za vidole zikawaka moto, chodi ya F ikagoma kulia, na baada ya wiki chache gitaa likatundikwa ukutani. Wakajisemea kwamba hawana kipaji. Kumbe nyuzi zilikuwa juu mno ya ubao wa shingo, na huo ni ugonjwa ambao mafundi wameutafutia dawa kwa karne kadhaa.

Chanzo chake ni mvuto. Seti ya nyuzi nyepesi za chuma ikishatyuniwa, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kana kwamba mtu mzima ameng'ang'ania kichwa cha gitaa usiku na mchana. Taratibu shingo hupinda kuelekea mbele na ubao wa kifuani huvimba nyuma ya daraja. Yote mawili huzipandisha nyuzi. Ukizishusha kupita kiasi, nazo hukwaruza freti na sauti huharibika. Fundi anatafuta nafasi ndogo iliyo katikati ya hatari hizo mbili.

Zamani mpigaji aliitafuta mwenyewe. Luti ya Ulaya, iliyotokana na udi wa Waarabu, ilikuwa na nyuzi za utumbo wa mnyama, na freti zake zilikuwa za utumbo huo huo uliofungwa kuzunguka shingo. Nene zilifungwa karibu na kichwa, nyembamba karibu na mwili, na aliyetaka kubadilisha alifungua na kufunga upya. Freti za chuma zilizopigiliwa ubaoni zilipoenea, uhuru huo ulikwisha.

Ufunguo wa saa

Jibu moja la werevu lilitoka Vienna. Mwaka 1822 fundi Johann Georg Stauffer, pamoja na Johann Ertl, walipata hati ya kulinda maboresho yao ya gitaa. Magitaa ya Stauffer yalipata sifa kwa shingo isiyobandikwa kwa gundi, iliyoshikwa na skrubu kwenye kisigino chake. Mpigaji alichomeka ufunguo kama ule wa kujazia saa, akauzungusha, na shingo ikabadilisha pembe. Nyuzi zilipanda au kushuka bila kulegezwa.

Utaalamu huo ulivuka bahari pamoja na Christian Frederick Martin, fundi aliyezaliwa Markneukirchen, Ujerumani, mwaka 1796. Alihamia New York mwaka 1833, kisha mwaka 1839 akaweka makazi Nazareth, Pennsylvania, na baadhi ya magitaa yake ya mwanzo yana tundu la ufunguo huo. Baadaye kampuni yake ilishika njia ya shingo iliyobandikwa moja kwa moja. Kwa nyuzi za utumbo zisizovuta sana, hilo lilitosha.

Chuma chaja na balaa lake

Mambo yalibadilika muziki wa Hawaii ulipoteka Marekani, hasa baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915. Mpigaji wa mtindo huo hulaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, hivyo kwake nyuzi zilizoinuka ni neema. Nyuzi za chuma zikapendwa, na wapigaji wa kawaida nao wakazitaka kwa ukali wa sauti yake. Mwaka 1922 Martin walitoa modeli ya 2-17, iliyojengwa kuhimili nyuzi za chuma.

Wakati huohuo, kwenye kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, Michigan, Thaddeus McHugh alikuwa amekwisha kuja na wazo lililobadili kila kitu. Alipitisha fimbo ya chuma ndani ya shingo, chini ya ubao wa freti, na kuifunga kwa nati iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo pale kichwani. Ukikaza nati, fimbo huirudisha shingo nyuma dhidi ya mvuto wa nyuzi. Ukiilegeza, nyuzi huivuta tena mbele. Robo ya mzunguko huweza kutosha. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1923.

Martin hawakufuata upesi. Mwaka 1934 walianza kutia shingoni chuma chenye umbo la T kisichorekebishika; wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma kilipoadimika, wakatumia mpingo. Mwaka 1967 wakaweka bomba la pembe nne, na fimbo ya kurekebisha ikafika mwaka 1985, zaidi ya miaka 60 baada ya hati ya McHugh.

Lakini fimbo hiyo ina mpaka wake. Hunyoosha shingo, wala haigusi pembe ya shingo na mwili. Pembe ikiharibika kwa uzee, fundi hulazimika kulegeza gundi kwa mvuke, kuichomoa shingo na kuipachika upya. Ndiyo maana mwaka 1999 kampuni ya Taylor ya California ilitoa shingo inayofungwa kwa bolti na kupangwa pembe kwa vibao vyembamba. Baada ya miaka 177, wazo la Stauffer lilikuwa limerudi kwa sura nyingine.

Kwetu

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpigaji gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville huko Katanga, mji unaoitwa leo Likasi. Kidole gumba kilishika besi huku cha shahada kikiimba. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi naye aliacha jina kwa gitaa kavu. Muziki wa namna hiyo hukaa sana kwenye freti za mwanzo, na hapo kinachotesa vidole ni kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi pale kichwani. Mifereji yake ikiwa juu, hata gitaa zuri huwa gumu.

Kwa hiyo kazi ina mpangilio. Kwanza shingo inyooshwe. Pili, ipimwe mifereji ya kichwani. Mwisho kipimwe kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2.5 hivi kwa uzi mnene na 1.8 kwa mwembamba, au 4 na 3 kwa nyuzi za nailoni. Freti hiyo iko nusu ya njia, hivyo kushusha milimita 1 pale kunadai kusaga milimita 2 za mfupa wa daraja. Mombasa au Tanga, unyevu wa pwani huvimbisha mbao na kupandisha nyuzi, kwa hiyo vipimo virudiwe.

Anayemnunulia mtoto gitaa na atenge pia fedha ya fundi. Ujuzi wa kuzishusha nyuzi upo, na mtoto anastahili kuanza nao.