Solzhenitsyn na wasomaji wa Magharibi

Aleksandr Solzhenitsyn (1918–2008), mwandishi Mrusi, alifungwa miaka 8 kwa sababu ya barua zenye kumkosoa Stalin. Humo kambini ndimo aliporudia imani ya Kikristo. Mwaka 1970 alipewa tuzo ya Nobel. Kitabu chake kikubwa juu ya kambi hizo, Visiwa vya Gulag, kilitolewa Paris mwezi wa Desemba 1973. Februari 1974 serikali ya Kisovieti ilimfukuza nchini.

Ufaransa ndiko kitabu hicho kilikotikisa watu zaidi. Chama cha Kikomunisti kilimshambulia mwandishi, lakini wasomi wengi wa mrengo wa kushoto waliacha kuitetea Moscow. Marekani nako alisifiwa sana, ijapokuwa mwaka 1975 Rais Ford aliepuka kumpokea, akiogopa kuwaudhi Wasovieti.

Sifa zilipoa tarehe 8 Juni 1978. Katika hotuba yake ya Harvard alisema kwamba nchi za Magharibi zimepoteza ujasiri, zinategemea sheria na mali, na zimemwacha Mungu. Magazeti makubwa yalimjibu kwa ukali. Wengine walimwita adui wa demokrasia. Lawama hiyo haikuwa bure kabisa, maana kweli hakuviamini vyama vya siasa, na uzeeni alimsifu Putin. Lakini imani iliyomfanya aikemee Moscow ndiyo ileile iliyosema Harvard. Waprotestanti wengi walimpenda kwa imani hiyo, wakiuacha pembeni uzalendo wake wa Kirusi.