Kutoka Wicklow hadi Luzira: jina la ukoo ni la nani?

Kwenye karatasi yetu ya familia tumeandikwa watu wanne: mama, mimi, na wadogo zangu wawili. Majina ya mwisho ni manne, na hakuna linalofanana na lingine. Siku ya kwanza tulipofika kwenye dawati moja la usajili, afisa alitutazama, akatazama alichoandika, akamwuliza mama kwa Kiingereza: "Hawa ni watoto wako kweli, au umewaokota njiani?" Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, lakini sikumtafsiria.

Sisi ni Wanande, tumetoka upande wa Beni, Kivu Kaskazini. Kwetu mtoto hachukui jina la baba. Anapewa jina kufuatana na namba yake ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, na huyo ndiye mimi. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na hesabu inaendelea. Halafu kila mmoja anapata jina lingine la kwake mwenyewe. Ndugu zetu Wakonzo wa Kasese, hapa hapa Uganda, wana hesabu ileile: Baluku, Bwambale, Masereka, Masika. Mpaka ulipita katikati ya watu, majina yakabaki pande zote mbili.

Kwa hiyo nyumba moja ya Kinande ina majina mengi, na jina moja liko kwenye nyumba maelfu. Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mkiona Kambale hamsini kwenye orodha msidhani ni ukoo mmoja mkubwa. Ni wavulana wa pili hamsini tu.

Mambo haya nilikuwa nayo moyoni, ila sikuyafikiria kama historia mpaka Jumamosi moja kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Luzira. Nilikuwa nimewapa kazi ya nyumbani: nendeni mkaulize jina lenu lilitoka wapi. Watoto wa Kikongo walirudi na hadithi za vita, mapacha na mashangazi. Mvulana mmoja Muganda akasema jina lake halina hadithi, lakini jjajja yake anaitwa Kevina, na jjajja anasema jina hilo ni la mzungu mwanamke. Wenzake wakacheka. Kevin ni jina la mwanaume, bwana! Ni la mwigizaji wa filamu!

Tukaenda kwa jjajja, Kirombe. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Kiswahili hajui sana, mjukuu akatafsiri. "Mwana wange," akaniambia, "mimi nimezaliwa Nsambya, kwa masista. Siku hizo mtoto wa kike akizaliwa pale, kumwita Kevina ilikuwa shukrani." Ni hayo tu. Akarudi kwenye maharage yake.

Nilinunua bando nikaanza kutafuta, na sikulala mapema wiki ile.

Huyo mzungu aliitwa Teresa Kearney. Alizaliwa 1875 karibu na Arklow, kaunti ya Wicklow, nchini Ayalandi. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, mama yake akafa yeye akiwa na miaka kumi hivi, akalelewa na bibi. Baadaye akajiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na huko akapewa jina la kitawa, Mary Kevin. Kevin, kwa Kiayalandi Caoimhín, ni mtakatifu wa zamani wa Glendalough, palepale Wicklow. Basi Teresa alibeba jina la kwao, ila lilikuwa la mwanaume. Januari 1903 alifika Uganda na masista wenzake watano, wakaanza kutibu watu Nsambya, na pale leo kuna hospitali kubwa. Mwaka 1923 akaanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, pale Nkokonjeru. Watu wa hapa wakaongeza "a" mwishoni, akawa Mama Kevina, na mabinti wakaanza kubatizwa hivyo. Alikufa Boston, Marekani, Oktoba 1957. Alizikwa Ayalandi kwanza, halafu Waganda wakamdai, mwili ukaletwa mpaka Nkokonjeru.

Jambo lililonishika ni hili: jina lake la ukoo, Kearney, huku kwetu hakuna anayelijua. Muulize mtu yeyote kwenye stendi ya Luzira. Lililobaki ni jina alilopewa ukubwani. (Na sisi wa Luzira tusicheke sana. Bandari yetu, Port Bell, inabeba jina la ukoo la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia 1906. Yeye alikaa miaka michache akaondoka, jina lake likaingia kwenye chupa ya bia.)

Nikataka kujua Kearney nalo lilitoka wapi, na hapo ndipo nilipokutana na afisa wetu wa dawatini, ila wa miaka mia kadhaa nyuma.

Waayalandi walikuwa na majina yao kwa lugha yao. Mac ni mwana wa. Ó ni mjukuu wa, au uzao wa. Kwa hiyo jina lilikuwa linakuambia babu ni nani, kama vile sisi tunavyosema bin fulani. Waingereza walipotawala, makarani wao waliandika kwa sikio la Kiingereza. Ó ikadondoka kwenye majina mengi, herufi zikabadilishwa. Kuna Ó Catharnaigh na kuna Ó Cearnaigh. Hizo ni koo mbili, mababu wawili tofauti kabisa, lakini kwenye sikio la karani zote zikawa Kearney. Tena ukoo mmoja ukaandikwa Kearney hapa na Carney pale, ndugu wa damu wakaonekana hawajuani. Soma hapo mara mbili, maana ndivyo tunavyofanyiwa hata leo, na kwa kawaida bila nia mbaya. Karani amechoka, mstari ni mrefu, anaandika anachosikia.

Mara nyingine nia ilikuwepo. Mwaka 1465 ilitungwa sheria kwamba Waayalandi wanaokaa kati ya Waingereza, katika kaunti za karibu na Dublin, wachukue majina ya Kiingereza: jina la mji, au la rangi, kama Nyeupe na Nyeusi, au la kazi, kama Mhunzi, Seremala, Mpishi. Sheria hiyohiyo iliwaagiza pia kuhusu mavazi na kunyoa masharubu! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimkumbuka Mobutu.

Vijana wa kikundi changu hawamjui Mobutu ila kwa picha ya kofia ya chui. Wazazi wao wanamjua. Mwaka 1972 alikataza majina ya Kizungu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko na mengine marefu ya kufuata. Tai zikakatazwa, watu wakavaa abacost. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo. Tofauti na sheria ya 1465 ni kwamba hii ilisema inaturudishia mambo yetu, na wengine waliipenda kwa kweli, sitawabishia. Lakini kwa mama mwenye mtoto mkononi ilikuwa ni serikali ileile, inamwambia mwanao ataitwa nini. Baba yangu alizaliwa miaka hiyo. Bibi alimpa jina la mtakatifu na akalitumia ndani ya nyumba tu, mlango umefungwa. Kwenye karatasi hakuliweka. Mwaka 1990 Mobutu alipolegeza kamba, watu wakayarudisha majina ya ubatizo, na baba akaanza kuliandika, mara anaweka, mara anasahau.

Na ninyi mnaodhani kila Mkongomani ana jina la ukoo tangu zamani, mwangalieni Lumumba. Baba yake aliitwa Tolenga. Yeye alipozaliwa, 1925, aliitwa Élias Okit'Asombo. Patrice Lumumba ni jina alilokuja kulitumia baadaye, na leo ndilo watoto wake wanalolibeba kama jina la ukoo. Ukimtafuta baba yake kwa kuandika "Lumumba", humpati.

Kuna Mwayalandi mwingine ambaye siwezi kumruka, Roger Casement, mzaliwa wa Dublin. Mwaka 1903 alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo ya Mfalme Leopold. Alipanda mto, akasikiliza watu waliokatwa mikono na kuchomewa vijiji kwa ajili ya mpira, akaandika ushahidi wao. Ripoti ikachapishwa London mwaka 1904, lakini wakubwa wake walikuwa wameondoa majina ya watu na mahali, wakaweka herufi tu. Casement alikasirika sana. Mimi pia. Mtu amesafiri kwa hofu kuja kusema jina lake na la mtoto wake aliyeuawa, halafu kwenye kitabu anakuwa herufi mbili.

Sasa, kitu nilichotaka hasa kuwapa wasomaji wa Nakivale, Kyangwali na kwingineko ni jinsi Waayalandi wanavyotafuta watu wao. Wana uzoefu. Njaa kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza shambani, iliua watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakakimbia kwa meli. Wajukuu wao wamejaa Marekani, Uingereza na Australia, na wengi wanatafuta walikotoka. Wanatafuta bila karatasi nyingi, kwa sababu tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, iliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zilikwenda na moto. Zile za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Zimebaki kamili za 1901 na 1911, na zipo kwenye intaneti bure, hata mimi nimezifungua kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Ni nyumba kwa nyumba: baba, mama, watoto, umri, nani anajua kusoma.

Mtafutaji wao hodari haanzi na tahajia ya jina. Anaanza na mahali: parokia gani, kijiji gani. Halafu anauliza jina la mama kabla hajaolewa, na nani alisimamia ubatizo, maana msimamizi mara nyingi ni ndugu. Halafu jina analiandika kwa kila namna karani angeweza kukosea, Kearney, Carney, Kerney, O'Kearney, na anatafuta yote.

Nilisoma hayo usiku wa manane, nikazima simu, nikakaa gizani.

Baba yangu hatujamwona tangu usiku ule kijiji kiliposhambuliwa. Tulikimbia upande mmoja, yeye na kaka yetu mkubwa upande mwingine. Mauaji ya upande wa Beni yameendelea tangu 2014, kila familia ya kule ina usiku wake. Tulishajaza fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu, ila niliijaza mimi, haraka, nikiwa na miaka kumi na sita. Niliandika Kambale, kwa sababu naye ni mvulana wa pili kwa mama yake, na jina lake lingine moja, basi. Kumtafuta Kambale Kongo ni kama kumtafuta Ssalongo Kampala.

Jina lake la pili sitaliandika hapa, kwa usalama. Lina "r" katikati, baada ya "a". Luganda haiweki "r" hapo. Baada ya "a" wanaandika "l", "r" inakuja baada ya "e" na "i" tu. Kwa hiyo kwenye karatasi moja ya hapa Kampala baba ana "l". Kwenye kadi yake ya kupigia kura, Kongo, "u" imeandikwa "ou" kama Wafaransa. Kwenye fomu yangu niliandika kama ninavyotamka. Hao ni watu watatu kwa macho ya kompyuta.

Jumatatu nilirudi kuomba kuijaza upya. Yule dada wa zamu alinivumilia, akanipa na karatasi ya ziada. Mama alikaa kando yangu, na safari hii nilimtafsiria kila kitu. Tuliandika kijiji kwanza, na kilima kilicho karibu, na parokia. Tukaandika jina la bibi, jina la babu, na Paluku kaka yetu aliyekuwa naye. Tukaandika jina la baba kwa "r", kwa "l", kwa "ou".

Nilipodhani tumemaliza mama akanishika mkono. "Masika, andika na lile la bibi yako."

"Lipi, mama?"

"Lile la ndani ya nyumba. Akiwa na hofu, ndilo anajitambulisha nalo."

Nililiandika juu kabisa, kwa herufi kubwa.