Jina halisomi

Hospitali nyingi za umma Tanzania zimeingia kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za hospitali, na mifumo mingine kama huo, makaratasi yamepungua, lakini mgonjwa mpya bado huambiwa akafungue faili, ingawa atakachopewa ni namba tu.

Neno "faili" limebaki vilevile; kitenzi kilichobadilika ni "kusoma". Muuguzi akitazama skrini na kusema, "Mama, jina lako halisomi," hamaanishi kuwa jina halijaenda shule. Halionekani. Mwalimu wa sarufi angedai "halisomeki", lakini hilo ni la mwandiko mbaya wa daktari, tatizo la enzi ya kalamu. "Halisomi" limekuja na mashine, na foleni nzima hulielewa. Umeme ukikatika, daftari hutolewa, na "halisomeki" hurudi kazini.