Bwana Chadwick na Maji Machafu ya London

Katika somo letu la historia leo tutamtazama mtu aliyejitwisha kazi ngumu: kuitaka serikali itunge sheria ya kulinda afya ya watu wote. Alikuwa Mwingereza, jina lake Edwin Chadwick. Alizaliwa mwaka 1800. Hakuwa daktari, alisomea sheria.

Zamani zile viwanda viliongezeka upesi huko Uingereza, na watu wakamiminika mijini kutafuta kazi. Nyumba zao zilibanana. Vyoo vilikuwa mashimo, na mara nyingi yalifurika. Wengi walichota maji katika visima na mito iliyoingiwa na uchafu ule ule. Mwaka 1832 kipindupindu kikaua maelfu ya watu.

Bwana Chadwick alikuwa katibu wa tume iliyosimamia misaada ya maskini. Aliona kwamba baba akifa kwa homa, mjane na watoto huja kuomba chakula. Akajiuliza: je, si nafuu kuzuia ugonjwa kuliko kulisha mayatima? Basi akawaandikia madaktari na maofisa wa nchi nzima, akakusanya hesabu.

Mwaka 1842 ripoti yake ikatoka. Sikilizeni hesabu moja. Katika mji wa Manchester, wastani wa umri wa kufa wa mabwana wenye elimu na jamaa zao ulikuwa miaka 38. Wa vibarua na jamaa zao ulikuwa miaka 17, maana watoto wengi walikufa wangali wadogo. Lakini Rutland, huko mashambani, vibarua walifikia miaka 38, ingawa ujira wao ulikuwa mdogo kuliko wa mjini. Kwa hiyo umaskini peke yake haukuwa sababu. Mahali penyewe palikuwa panaua watu.

Maneno hayo yalikuwa makali. Wakubwa wa tume walikataa kuitia ripoti majina yao, naye akaitoa kwa jina lake peke yake.

Je, sheria ilikuja upesi? La. Ilipita miaka 6. Wenye nyumba hawakutaka kulipia mifereji. Makampuni ya maji yaliogopa hasara. Wakubwa wa miji walisema hawataki kutawaliwa kutoka London. Sheria ilipitishwa mwaka 1848, kipindupindu kilipokuwa kinakaribia tena. Hata hivyo, miji mingi iliachiwa hiari. Serikali iliweza kuulazimisha mji ikiwa tu vifo vilizidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka.

Bwana Chadwick akawekwa katika Baraza la Afya. Hapo makosa yake mwenyewe yakaonekana. Aliwadharau madaktari na mainjinia waliompinga, na hakujua kusema kwa upole. Tena aliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Kwa hiyo aliona ni vyema uchafu wa mifereji ya London usukumwe upesi mpaka mto Thames. Lakini watu wengi walikunywa maji ya mto huo! Katika miaka 1848 na 1849 kipindupindu kiliua watu wapatao 14,000 katika London.

Mwaka 1854 aliondolewa kazini. Gazeti la The Times likaandika kwamba afadhali watu wajaribu bahati yao na kipindupindu kuliko kusukumwa kwa nguvu wawe na afya. Mwaka huo huo daktari John Snow alionyesha kwamba watu waliougua karibu na Broad Street walikuwa wamekunywa maji ya bomba moja. Yeye naye hakuaminiwa na wengi.

Mwaka 1858 joto lilikuwa kali, na uvundo wa Thames ukaingia ndani ya Bunge lenyewe, lililo kando ya mto. Ndipo wabunge wakakubali fedha haraka. Injinia Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya kupeleka uchafu mbali na mji. Mwaka 1875 sheria nyingine ikawalazimisha wakubwa wa miji kutazama maji na mifereji. Bwana Chadwick alipewa heshima na malkia mwaka 1889, akafa mwaka 1890.

Basi, ndugu zangu, alishinda au alishindwa? Alisema kweli juu ya uchafu, na kazi yake iliokoa watu wengi. Lakini kuwa na kweli hakutoshi. Anayetetea afya ya watu hana budi kuwavuta wale watakaolipa gharama, na kukubali kusahihishwa akionyeshwa kosa. Wazee husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini wenye nyumba walipinga mifereji?
2. Bwana Chadwick alikosea wapi?
3. Kama kisima chetu kina uchafu, tutasemaje na jirani mwenye choo kilicho karibu nacho, ili akubali kukihamisha?

Kwaherini mpaka somo lijalo.