Siku moja Berlin: kutoka Lango la Brandenburg hadi mtaa wa Maji Maji

Berlin ni mji mkuu wa Ujerumani, wenye wakazi zaidi ya milioni 3.6, uliojengwa kandokando ya mto Spree. Ni miongoni mwa miji inayopendwa sana na watalii barani Ulaya, na jina lake husikika mara nyingi katika vipindi vyetu: Ukuta wa Berlin, mkutano wa kugawana Afrika, mjusi wa Tendaguru.

Katika makala haya tunayapitia maeneo hayo kwa mpangilio ambao mgeni anaweza kuufuata kwa siku moja, bila haraka, kwa basi, treni na miguu. Kwa msikilizaji asiye na safari ya huko, makala yanaeleza mambo hayo yako wapi na yanatuhusu vipi.

Asubuhi: basi namba 100

Wageni wengi huanzia kituo cha Zoologischer Garten, upande wa magharibi, na kupanda basi namba 100. Si basi la watalii. Ni basi la kawaida la abiria, la ghorofa mbili, linalokwenda hadi Alexanderplatz upande wa mashariki na kupita karibu na majengo mengi mashuhuri. Tiketi ya siku nzima hutumika kwenye basi, tramu na treni.

Jambo moja huwachanganya wageni. Vituo vya treni vya Berlin havina mageti, mtu huingia tu. Lakini tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kidogo kabla ya safari, na wakaguzi, wengi wakiwa wamevaa nguo za kiraia, hupita ghafla. Asiye na tiketi halali hulipa faini ya euro 60.

Basi hupita katikati ya Tiergarten, bustani yenye miti mingi katikati ya mji. Miti hiyo si ya kale. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakazi walikuwa na njaa na baridi, wakakata karibu miti yote kwa ajili ya kuni na kulima viazi na mboga mahali pake. Kuanzia 1949 ilipandwa upya, na miji mingine ya Ujerumani ilichangia miche.

Bunge na lango

Jengo la Bunge, Reichstag, lilifunguliwa 1894. Lilichomwa moto Februari 1933, wiki chache baada ya Adolf Hitler kushika madaraka, na tukio hilo likawa kisingizio cha kufuta haki za raia. Leo juu yake kuna kuba la kioo lililobuniwa na Mwingereza Norman Foster na kukamilika 1999. Wageni hulipanda bure, mradi wawe wamejiandikisha mapema, na wakiwa juu wanaweza kutazama chini hadi kwenye ukumbi wa wabunge.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo ni Lango la Brandenburg, lililokamilika 1791. Juu yake kuna sanamu ya gari linalovutwa na farasi wanne. Mwaka 1806 Napoleon aliuteka mji, akaishusha sanamu hiyo na kuipeleka Paris. Aliposhindwa, Wajerumani waliirudisha nyumbani 1814 kwa shangwe kubwa. Tutakumbuka kisa hiki tutakapofika kwenye jumba la makumbusho.

Kusini kidogo ya lango kuna nguzo 2,711 za zege za kijivu, nyingine fupi kama kiti, nyingine zikimzidi mtu kimo. Ni kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa na utawala wa Hitler, iliyofunguliwa 2005. Watu hutembea katikati yake kimya kimya.

Wilhelmstraße: mahali pa mkutano wa 1884

Hatua chache mashariki ya hapo ni barabara ya Wilhelmstraße. Katika namba 77 ya wakati ule yalikuwa makazi ya Kansela Otto von Bismarck. Humo, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walijadili Afrika. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyealikwa.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mipaka yetu ilichorwa pale mezani. Ukweli una hatua mbili. Mkutano wenyewe ulipanga hasa biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya nchi ya Ulaya kutambuliwa kwamba imeshika eneo la pwani. Mipaka mingi ilifuata kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Mstari kati ya Kenya na Tanzania, kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria ukiuzunguka mlima Kilimanjaro, ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886.

Hata hivyo mkutano ulifungua mlango. Siku moja tu baada ya kumalizika, 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo ambayo Carl Peters alidai kuyapata kwa mikataba na watawala wa bara, mkabala na Zanzibar. Huo ulikuwa mwanzo wa koloni la Ujerumani Afrika Mashariki.

Jumba la Bismarck liliharibiwa vitani. Leo kuna majengo ya fleti, na bango la maelezo kando ya njia. Asiyelitafuta hulipita bila kujua.

Mchana: chakula, kisha mjusi wa Tendaguru

Chakula cha haraka kinachopendwa Berlin ni döner kebab, mkate uliojazwa nyama ya kuchoma na kachumbari. Kililetwa na wahamiaji kutoka Uturuki, ambao walianza kuja kwa wingi kufanya kazi viwandani baada ya mkataba wa 1961. Soseji zinazouzwa vibandani kwa kawaida ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe aulize kwanza.

Kutoka kituo cha Unter den Linden, treni ya chini ya ardhi U6 inafika Naturkundemuseum katika kituo cha tatu. Hapo ndipo lilipo Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Katika ukumbi wake mkuu amesimama mnyama ambaye Watanzania humwita kwa ufupi "mjusi": mifupa ya dinosaria aina ya Giraffatitan, yenye kimo cha mita 13.27. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayoizidi kimo.

Mnyama huyo aliishi miaka takriban milioni 150 iliyopita mahali ambapo leo ni Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wanasayansi wa Kijerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walifukua huko zaidi ya tani 200 za mifupa. Kazi ya jembe na sululu ilifanywa na mamia ya wenyeji. Wapagazi waliibeba mifupa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwa meli.

Tukumbuke wakati wenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika 1907, na kusini kote watu walikuwa bado wanajikusanya baada ya mauaji na njaa. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walifikia 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kutoa mifupa kwenye udongo bila kuivunja. Jina lake lilikaa kando kwa muda mrefu, hadi 2007, ambapo dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Je, mjusi arudishwe? Nchini Tanzania suala hili limefika hadi bungeni. Wapo wanaodai arudi, wapo wanaotaka Lindi ipate sehemu ya faida inayotokana naye, na wapo wanaotaka makumbusho na utafiti vijengwe nyumbani kwanza. Nchi nyingine zimeanza kupokea vyao: Desemba 2022 Ujerumani ilikabidhi Nigeria sanamu 20 za shaba za Benin. Na Wajerumani wenyewe, kama tulivyoona pale langoni, walijua thamani ya kurudishiwa kilichochukuliwa.

Mtaa wenye majina ya kwetu

Treni ileile ya U6 ikiendelea kaskazini inafika kituo cha Afrikanische Straße, yaani Barabara ya Afrika. Mgeni kutoka kwetu hushangaa kusoma vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße. Mtaa huu wa Wedding ulianza kupewa majina ya aina hiyo enzi za ukoloni, kwa kujivunia makoloni.

Barabara moja, Petersallee, ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, mtu ambaye ukatili wake Kilimanjaro ulimfukuzisha kazi hata na serikali ya wakati huo. Baada ya miaka mingi ya madai ya wakazi na vyama vya Waafrika, Agosti 2024 barabara hiyo iligawanywa na kupewa majina mapya mawili. Sehemu moja inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa 1959 akipinga ubaguzi. Nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Jioni: Ukuta na jiwe la Husen

Tukirudi hadi Naturkundemuseum na kutembea mashariki kwa barabara ya Invalidenstraße, tunafika Nordbahnhof, inapoanzia kumbukumbu ya Ukuta katika Bernauer Straße. Ukuta ulianza kujengwa 13 Agosti 1961 na serikali ya Ujerumani Mashariki ili kuzuia raia wake kukimbilia magharibi. Katika barabara hii nyumba zilikuwa upande wa mashariki na njia ya miguu mbele yake upande wa magharibi, hivyo watu waliruka madirishani. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwa sababu ya Ukuta, hadi ulipofunguliwa 9 Novemba 1989.

Bernauer Straße inakutana na Brunnenstraße. Tukishuka hadi nyumba namba 193, kuna kibamba cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 kilichopachikwa chini, kwenye njia ya miguu. Berlin ina maelfu ya vibamba hivyo, kila kimoja mbele ya nyumba ya mtu aliyeteswa na utawala wa Hitler. Hiki ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904.

Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai malipo ya utumishi ambayo hawakuwahi kulipwa, akakataliwa. Alibaki, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza katika filamu na kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen, 24 Novemba 1944. Ili kusoma jina lake inabidi kuinama.

Mambo ya kuzingatia

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, ambayo kwa matembezi hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180.

Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na siku hii inatosha vizuri. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na baridi ni kali.

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na maduka mengi hufungwa Jumapili. Mtaa wa Wedding, bango la Wilhelmstraße na kibamba cha Brunnenstraße havina kiingilio, na hufikika siku zote.