Ujazo-gogo: kuurudisha ubao kuwa mti

Wafanyabiashara wa Lamu waliopakia mikoko kwenye majahazi ya kwenda Arabuni waliihesabu mali yao kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Hesabu hiyo peke yake haikumtosha mnunuzi. Alitaka kujua ni korija ya nini: fito, pau, mazio, boriti au nguzo? Korija ya fito na korija ya nguzo zote ni miti ishirini, lakini jahazi linaijua tofauti yake.

Takwimu za biashara ya mbao duniani zina tatizo hilohilo, ila kubwa zaidi. Nchi moja hununua magogo, nyingine mbao zilizokwisha kupasuliwa, nyingine plaiwudi, nyingine karatasi. Maofisa wa forodha huandika mita za ujazo au tani za kile kilichoshuka melini, basi. Mtu akitaka kuzilinganisha nchi hizo, au kuilinganisha nchi moja na jinsi ilivyokuwa miaka thelathini nyuma, hana budi kwanza kukirudisha kila kitu kuwa gogo. Kwa Kiingereza kipimo hicho kina jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, ni “kilicho sawa na mti wa mviringo”.

Tafsiri ya namna hiyo haifai. Mpasuaji mbao wa Mufindi angecheka, kwa kuwa mti uliokatwa na haujapasuliwa una jina lake tangu zamani: gogo. “Usawa wa magogo” nao unaleta picha ya mtu anayeyapanga magogo sakafuni na pimamaji mkononi. “Kisawe” kimeshachukuliwa na wanaisimu. Linalofaa zaidi ni ujazo-gogo, yaani ujazo wa magogo yaliyohitajika ili bidhaa fulani ipatikane. Ni nomino mbili zinazoegemeana, kama askari kanzu au punda milia, na sikio la Kiswahili haliligomei umbo hilo.

Kinachoufanya ujazo-gogo uhitajike ni msumeno. Gogo likipasuliwa, sehemu yake kubwa huishia kuwa mabanzi na unga wa mbao. Kwa miti ya kitropiki, Shirika la Kimataifa la Mbao za Tropiki, lenye makao yake Yokohama, limekuwa likitumia vizidishi vya 1.82 kwa mbao za kupasua na 2.3 kwa plaiwudi. Kwa hiyo mita za ujazo 1,000 za magogo hubaki 1,000. Zikiwa za mbao, ni 1,820 za ujazo-gogo. Zikiwa za plaiwudi, 2,300. Meli tatu zenye shehena sawa, lakini misitu iliyofyekwa hailingani.

Japani ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kipimo hiki kinafichua nini. Mwaka 1964 ilikuwa imekwisha kuufungua mlango wa uagizaji wa mbao, na magogo yakamiminika kutoka Ufilipino, kisha Indonesia na Malaysia. Mwaka 1985 Indonesia ikapiga marufuku kuuza magogo nje. Anayesoma safu ya magogo tu angeona Indonesia imetoweka kwenye soko la Japani, na pengine angeifurahia misitu ya Kalimantan. Furaha hiyo ingekuwa ya bure. Viwanda vya plaiwudi vilikuwa vimejengwa Indonesia kwenyewe, nayo ikawa muuzaji mkuu wa plaiwudi ya kitropiki duniani, Japani ikiwa mteja wake mkubwa. Mti ulikuwa uleule, umebadili vazi tu. Wajapani wenyewe hulijua jambo hili: kiwango chao cha kujitosheleza kwa mbao hukipiga kwa hesabu ya magogo. Mwaka 2002 kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 19 hivi. Kufikia mwaka 2020 kilikuwa kimevuka 40, viwanda vya plaiwudi vikiwa vimegeukia miti ya nyumbani.

China nayo ilipitia mabadiliko kama hayo baada ya Urusi kuanza kupandisha ushuru wa magogo mwaka 2007: magogo ya Urusi yakapungua, mbao zake zikaongezeka.

Hata hivyo, kizidishi si msahafu. Msumeno wa dingidongi, ile mashine ndogo ya kuhamishika, hula mti kuliko mashine ya kisasa, na kiwanda cha mwaka 1970 si cha leo, hivyo kutumia namba moja kwa miaka yote ni kujidanganya kidogo. Tena mabanzi ya kiwanda cha mbao yakiuzwa kutengenezea karatasi, gogo moja laweza kuhesabiwa mara mbili.

Lakini kizidishi huweza pia kuonyesha mahali ambapo hesabu haina utetezi. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu misitu ya kusini mwa Tanzania ilieleza kwamba mwaka 2005 China iliandika kupokea bidhaa za mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa na Tanzania kuwa zimetoka. Tuseme upande mmoja uliandika plaiwudi, na mwingine ukaihesabu kuwa magogo. Pengo lingekuwa mara mbili na ushee. Mara zilizobaki haziwezi kusingiziwa unga wa mbao, na ripoti yenyewe ilizitaja rushwa na usimamizi mbovu.